Siku Serikali Ilipomwomba Msamaha Mzee Obiero

Mwezi uliopita nilikwenda Seme kumzika Mzee Ogola, na sikwenda kwa huzuni. Nilikuwa nimemchukia mtu yule kwa zaidi ya miaka arobaini, na nikaona si vibaya nikimaliza kazi hiyo kwa kumwona akishushwa kaburini kwa macho yangu. Walimfanyia mazishi makubwa. Hema nyeupe zilijaa uwanja mzima, spika zilisikika hadi barabarani, na wanawake waliokuwa wakipika wali nyuma ya nyumba walikuwa wengi kuliko waombolezaji wa mazishi mengine niliyowahi kuhudhuria. Mshereheshaji alimwita marehemu mtu wa maridhiano. Kisha akapewa kipaza sauti mjumbe wa serikali, kijana mwenye suti iliyombana mabegani, akasema kwamba dunia nzima leo inabishana kama serikali ziombe msamaha kwa sababu ya utumwa, wakati sisi hapa Seme tulishamaliza, kwa kuwa Mzee Ogola na serikali walisimama pamoja wakaomba msamaha kabla wengine hawajafikiria. Watu wakapiga makofi. Mtoto wa marehemu akaniinamia sikioni, akaniuliza, "Mwalimu, si wewe ulikuwako siku hiyo? Utasema neno kidogo?" Nikamwambia koo linaniuma. Koo halikuwa na neno. Niliogopa kwamba nikishika kile kipaza sauti hawatanipata tena mpaka jua lizame, kwa hiyo nikala wali wao, nikarudi Kisumu, na yale ambayo ningesema nayaandika hapa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza shule, nangojea nafasi ya chuo cha ualimu, na nilikuwa nakaa kwa Baba Akech kule Nyalenda, mjini Kisumu, kwa sababu binti yake Akech alikuwa rafiki yangu wa darasani. Wazazi wangu siwazungumzii, hawahusiki. Nyumba ilikuwa ya udongo uliopakwa saruji kwa mbele tu, upande ambao wageni wangeuona, na ndani ilikuwa imegawanywa kwa mbao ambazo Baba Akech alizileta kutoka kiwanda cha Kalasinga alikofanya kazi ya kupasua magogo. Mbao zile hazikufika kwenye bati. Sisi wasichana, mimi na Akech, tulilala upande mmoja, wazazi wake upande wa pili, na nafasi ile ya juu ilipitisha kila kitu: kukohoa, kusali, kugombana, na harufu ya mafuta ya kukaangia. Mama Akech alikuwa akienda Dunga kila asubuhi kununua samaki, akiwakaanga kando ya barabara, na vichwa vilivyobaki tulivila jioni kwa ugali wa mtama na muhogo, na mrenda kando. Mpaka leo sijui chakula kitamu kuliko kichwa cha ngege, lakini kila nikila, maneno yaliyopita juu ya zile mbao hunirudia, na hamu hupungua.

Katikati ya mwaka aliletwa Mzee Obiero, baba yake Baba Akech, kutoka hospitali ya Kombewa. Miguu ilikuwa imevimba na pumzi ilikuwa inamtoka kwa shida. Walimwekea kitanda pale sebuleni, na kuanzia siku ile hatukuwa na sebule. Alikuwa mzee mkimya, mwenye mikono mikubwa, na alikuwa na tabia moja iliyonichekesha mwanzoni: akishakula alikuwa akichukua sahani yake mwenyewe na kutafuta njia ya kuitoa nje, mgonjwa vile, mpaka Mama Akech amnyang'anye. "Jaduong', mzee wangu, kaa chini. Hapa hakuna mtu wa kukutuma," alikuwa akimwambia. Sikuelewa kwa nini mzee wa umri ule atarajie kutumwa. Akech ndiye aliyenieleza, siku moja tukiparua magamba ya samaki nyuma ya nyumba, na alinieleza bila kuinua uso.

Babu yake Baba Akech, yaani baba wa Mzee Obiero, hakuzaliwa Seme. Aliletwa akiwa mtoto mdogo wakati wa njaa, na watu wa milimani waliokuwa wakitafuta nafaka, wakamwacha kwa ukoo wa kina Ogola, wakaondoka na kapu la mtama. Walimlea. Ndivyo wanavyopenda kusema, walimlea. Alichunga ng'ombe wao, alilima mashamba yao, wakampa mke aliyekosa wa kumwoa, wakamwekea kibanda karibu na bwawa, nje ya ua. Serikali ya mkoloni ilipokuja kutaka watu wa kubeba mizigo na kuchimba barabara bila mshahara, kila ukoo ulitakiwa kutoa vijana, na ukoo wa Ogola haukuwa na haja ya kufikiri. Ulitoa nyumba ile ya bwawani. Chifu alijua, mkoloni alijua, na hakuna aliyejali maadamu idadi imetimia. Mzee Obiero naye alipelekwa akiwa kijana, akarudi na kovu begani ambalo niliwahi kuliona akibadilishwa shati. Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba serikali haihusiki na utumwa wa watu wa ndani, namwuliza tu kama ana habari ni nani aliyekuwa akipokea wale vijana.

Lakini haja ya Baba Akech haikuwa kovu wala mtama. Alitaka dala. Msomaji asiye Mjaluo atanivumilia: kwetu mwanamume hawi na kwake kwa kujenga nyumba tu. Lazima atoke alfajiri na jogoo, kijana wake wa kwanza abebe shoka, mke abebe moto, na mbele yao atembee baba yake, au mzee wa ukoo kama baba hayupo, amwonyeshe ardhi na kumwambia, hapa ndipo kwako. Asipoonyeshwa, hana lango. Na mtoto hawezi kumtangulia baba. Nyumba ya bwawani haikuwahi kuonyeshwa mahali. Babu alikufa bila kwake, akafukiwa karibu na maji, na Mzee Obiero alikuwa akielekea huko huko. Akifa bila dala, Baba Akech naye hana, na kijana wake hana, na mambo yanaendelea hivyo hivyo. Kwa hiyo mtu mmoja tu, Mzee Ogola, mkubwa wa ukoo, alitakiwa kuamka asubuhi moja, amshike Mzee Obiero mkono na kutembea naye hatua chache. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu. Ardhi ilikuwa tele, Ogola alikuwa nayo hadi nyingine imeota vichaka.

"Min Akech, mzee akituacha kabla ya kuonyeshwa mahali, tutampeleka wapi?" nilimsikia Baba Akech akimwuliza mkewe, siku moja baada ya chakula.

"Enda uambie Ogola."

"Ogola nimemwambia mpaka nimechoka. Anasema ngoja. Baba yake pia alikuwa anasema ngoja."

"Basi nunua shamba Ahero. Watu wananunua."

"Kununua naweza. Lakini nikinunua, watasema si nimekubali mimi si wa kwao. Hiyo ndiyo wanataka. Mimi nataka Ogola aseme na mdomo yake, mbele ya watu, baba ni wa hapa."

Wiki ile ile akaomba ruhusa kazini, akaenda kumwona D.O., mkuu wa tarafa. Alikuwa D.O. kijana, mgeni kwenye kazi na mgeni kwenye sehemu zile, aliyesoma chuo kikuu na kupenda kusema amesoma. Baba Akech alitaka D.O. amwambie Ogola amalize jambo. Akarudi nyumbani na uso ambao sikuuelewa, akaketi kwenye kitanda cha baba yake, akasema serikali imelipokea. D.O. alikuwa amefurahi sana. Alisema hili si jambo la kijiji, ni jambo la historia, na haliwezi kufanywa asubuhi na jogoo kama la kawaida. Kutakuwa na siku rasmi. Serikali itaomba msamaha kwa niaba ya serikali zilizopita, ukoo utaomba msamaha kwa niaba ya wazee waliopita, atakuja mkubwa kutoka Nairobi, na watu wa magazeti. Habari ya ardhi itafuata kwa utaratibu. Mzee Obiero alisikiliza yote, akauliza swali moja, "Ni lini?" D.O. hakuwa ametaja siku.

Ogola alikubali kwa haraka iliyomshangaza kila mtu isipokuwa Mama Akech. Alikuja Nyalenda kumjulia hali mgonjwa, pamoja na nduguye mmoja, akapewa kiti kizuri na samaki mzima. Nilikuwa dirishani naosha vikombe walipotoka kunawa. Ogola alikuwa akisugua vidole taratibu, mtu aliyeshiba, akamwambia nduguye kwa Kijaluo, "Hiyo ya kuomba msamaha si kitu. Tutasema, serikali itasema, tutakula, na huyu atanyamaza. Baada ya hapo nani atamsikiliza tena? Ataambiwa aliombwa msamaha." Nduguye akacheka. Nilimwambia Mama Akech palepale, naye akamwambia mumewe kabla vyombo havijakauka. Baba Akech akasema, "Wacha aseme tu. Mtu akisema mbele ya serikali, atarudisha aje nyuma?" Nilimpenda sana Baba Akech, alikuwa mtu mwema, na wema wake ule ulinikera.

Siku ikapangwa, ikaahirishwa, kwa sababu mkubwa wa Nairobi alikuwa na safari. Ikapangwa tena, mvua ikafunga barabara. Mara nyingine hema haikupatikana. Mzee Obiero kila alipoambiwa siku alikuwa akinyolewa, akivalishwa shati jeupe, na akiambiwa imeahirishwa alilivua mwenyewe na kulikunja. Mama Akech alikuwa akigombana na sufuria. "Mtu anataka kuonyeshwa mahali pa kusimama," alikuwa akisema, "na wao wanatafuta hema." Maneno haya ninayarudia kila nikisikia mjadala huu redioni, na siku hizi unasikika kila wakati, wapiga simu wakipokezana. Wako wanaosema serikali zisiombe msamaha, kwa sababu waliofanya uovu walishakufa na wanaoishi leo hawana hatia. Hao huwa nawazimia redio. Waliokufa ni watu tu. Shamba lipo, na lina mtu anayelilima, na anajua alilipataje. Wako wengine wanaosema ziombe, halafu wanazungumzia sanamu, sherehe, siku ya mapumziko, maneno gani yatumike na yapi yasitumike. Hao nao wananiudhi, pengine zaidi, kwa kuwa wako upande wangu. Mimi sisemi serikali zisiombe. Ziombe, tena kwa sauti. Ninachokichukia ni msamaha unaotangulizwa ili kile kinachodaiwa kisitolewe, ukapewa hema na kwaya, na anayedai akageuzwa kuwa mkorofi kwa sababu bado anadai.

Hatimaye siku ikafika kweli. Land Rover ya serikali ilikuja hadi Nyalenda kumchukua mzee, majirani wakatoka kutazama, na mimi na Akech tukabanwa nyuma pamoja na mikate. Huko Seme palikuwa na hema, soda, watoto wa shule waliofundishwa wimbo, na mpiga picha. Mkubwa wa Nairobi hakuja, alituma salamu. D.O. alisoma hotuba ndefu. Alisema serikali inasikitika, serikali inatambua, serikali inaomba msamaha kwa mambo yale ya zamani. Sikusikia akisema mtoto alinunuliwa, wala vijana walichukuliwa. Ogola naye akasimama, akasema kwa niaba ya ukoo kwamba kama kuna mtu aliumizwa, basi asamehe, sisi sote ni ndugu. Makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mpiga picha akataka wazee wapeane mikono, wakamsaidia Mzee Obiero kusimama, Ogola akamnyooshea mkono huku akimtazama mpiga picha.

Mzee Obiero aliushika ule mkono, na hakuuachia. Picha ikapigwa, ikapigwa ya pili, bado ameushika. Kisha akaanza kutembea. Miguu ile iliyovimba, kwenye viatu vilivyokatwa pembeni ili viingie, ikaanza kutoka chini ya hema kuelekea upande wa vichaka, upande wa ardhi, na Ogola akafuata kwa sababu mkono wake ulikuwa umeshikwa. Watu walicheka kidogo, wakidhani ni furaha. Ogola naye alicheka. Mzee akasema, kwa sauti ambayo niliisikia vizuri kwa sababu nilikuwa nimesimama mwisho wa hema, "Asante. Nimesikia. Sasa twende unionyeshe."

"Jaduong', leo si siku ya hiyo," Ogola akasema.

"Mguu yangu iko tayari. Twende tu. Ni hapo."

"Mzee, kuna kamati," D.O. akaingilia, ameshika karatasi zake. "Kamati itakaa, itapima, kila kitu kitafanywa vizuri."

"Mimi sitaki vizuri. Nataka hapo."

Waliendelea hatua chache, labda nusu ya njia, na Baba Akech alikuwa amesimama, mikono imemning'inia, anaomba kwa uso mzima. Sijawahi kuona mtu akitaka kitu hivyo. Ogola angetembea tu kidogo zaidi. Hakuna mtu pale ambaye angemzuia, na yeye mwenyewe alijua hivyo, nikaona usoni kwamba anajua. Akasimama. Akauweka mkono wake wa pili juu ya vidole vya mzee na kuvifungua kimoja kimoja, kwa upole, akitabasamu, kisha akageuka akarudi kwenye kivuli. D.O. akamfanyia mwalimu wa kwaya ishara, na watoto wakaanza kuimba. Mzee Obiero alibaki juani peke yake mpaka mwanawe akamfikia. Chakula alikataa. Alisema hawezi kula kwa watu halafu akarudishwa na gari ya watu.

Alikufa kabla kamati haijakaa, na kamati, kwa habari nilizo nazo, haijakaa mpaka leo, D.O. alihamishwa. Ukoo ulituma neno kwamba kaburi litachimbwa karibu na bwawa, alipo baba yake, na kwamba Ogola atatoa fahali. Baba Akech alikataa. Alisema atamzika baba yake kwenye makaburi ya mji, Kisumu, jambo ambalo kwa Mjaluo ni kama kumtupa, na ndugu wote walikuja Nyalenda kumsihi, na waliposhindwa wakamtukana, na kupitia zile mbao nilimsikia akilia kwa sauti ya mtoto. Lakini hakubadilisha neno. "Bwawani hapana. Kwa manispaa kila mtu ni mgeni," alimwambia mkewe. Kalasinga alitoa lori la kiwanda na mbao nzuri za jeneza, akaja mwenyewe na kilemba chake, akasimama nyuma. Kwa hayo nilimheshimu.

Makaburi yale yalikuwa yamebanana, mengine hayana hata msalaba, na hapakuwa na nafasi ya watu kusimama isipokuwa kwenye vijia. Tulikuwa tumeshafukia, na Mama Akech alikuwa anapanga majani, tulipoona gari linaingia. Ogola alishuka, amevaa koti zito na kofia, na wazee wenzake nyuma. Alisema amekuja kwa amani, na kwamba angependa kurudia mbele ya mwili yale maneno aliyoyasema siku ile, ili marehemu aende akiwa amesamehe. Alitafuta mahali ambapo angeonekana na kila mtu, hakupata, watu walikuwa wamejipanga kati ya makaburi, basi akapanda pale palipoinuka, akavua kofia, akakohoa kusafisha koo.

"Kwa niaba ya ukoo," akaanza.

Baba Akech alimwachia hadi hapo. Kisha akamwambia, bila kupaza sauti, na kwa heshima zote ambazo mtu humpa mkubwa wake:

"Jaduong', shuka. Umesimama juu ya baba."

Ogola akatazama chini, akashuka, akachuma majani kando ya njia, akaanza kupangusa udongo kwenye viatu vyake.